Bastola Zako, Mzee, Wamezing'arisha

Mzee wangu Hamadi,

Wamezisaga. Nakuambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitalia na karatasi italowa. Bastola zako, zile tano za kwenye kabati la vioo, wamezipeleka kwenye mashine ya kusaga chuma, wakazipaka kitu cheupe cha kung'aa, wakazirudisha nyumbani zikiwa zimefanana kama vijiko vya seti moja. Na aliyefanya hivyo si mwizi wala adui yako. Ni mdogo wako Shabani, tena alifanya kwa kukuheshimu.

Sasa nakusalimu. Asalam aleikum, Mzee. Mimi Mkristo, lakini mlangoni kwako ulinizoeza hivyo, na sijui kuingia kwako kwa salamu nyingine.

Maman Zaituni ni mzima. Yuko kwenye eda, hatoki, anakula kidogo. Nyumba imepakwa rangi, ile kijani uliyokuwa unaikataa. Meza yako ya kazi wameiweka jikoni, wanakatia vitunguu juu yake. Nilipoona kisu kikipita kwenye ile mbao uliyoilaza vizuri kwa msasa nilitaka kupiga kelele, nikajizuia kwa sababu siku hiyo kulikuwa na jambo kubwa zaidi la kupigia kelele.

Ngoja nikupe habari kwa utaratibu, maana wewe hukupenda mtu anayeruka ruka.

Siku ya mazishi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya nyumba, namenya ndizi. Ukuta ni mwembamba, tulisikia hotuba zote. Mzee, ungezisikia! Watu waliokuita Mzee Masasi, yaani mzee wa risasi, na hukuwahi kuwa nayo hata moja, walisimama mmoja mmoja kusema ulikuwa hazina. Yule jirani aliyewakataza watoto wake kupita kwenye uzio wako alisema alijifunza mengi kwako. Alijifunza nini? Wapi? Hakuwahi kuvuka kizingiti. Mwingine akasema ulizirudishia uhai bastola za wakoloni, na hapo kisu kikaniponyoka. Wewe ulizipokea zikiwa zimekufa, mitutu imezibwa, zimekaguliwa, kibali kina jina lako na picha ya kila moja, na kazi yako yote ilikuwa ziendelee kuwa zimekufa, ila kwa heshima. Katika nchi hii watu wana sababu zao za kuogopa silaha, nawaelewa, hata mimi niliogopa. Lakini mtu anayekuogopa ukiwa hai na kukusifu ukiwa kwenye jeneza, huyo simwelewi.

Hakuna aliyenitaja. Sikutegemea kutajwa, lakini masikio yalibaki yanasubiri hadi mwisho.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye mambo yako? Ulikuja pale ninaposhona viatu na mikoba, karibu na soko la Kamembe, ukanitolea mfuko wa ngozi wa kubebea bastola kiunoni, mkavu kama dagaa wa sambaza. Nilikuambia huu ni wa kutupa, nikushonee mwingine. Ulinitazama kana kwamba nimetukana mama yako. "Nani amekulomba mupya?" ulisema. "Mimi nataka hii ikae vile iko, isikufe tu." Nikaulainisha kwa mafuta, wiki nzima, kidogo kidogo, kisha nikafuata matundu yaleyale ya sindano ya zamani. Ulipokuja kuuchukua ulihesabu matundu. Hukusema asante. Ulisema njoo nyumbani uone yenye inaingia humo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuja, na miaka ikapita.

Ulinifundisha kwamba bastola haisafishwi kwa hasira. Mafuta kwanza, unaiacha, unarudi kesho. Mswaki uliochoka, kitambaa cha pamba, kijiti cha mwanzi kwenye pembe. Kutu inayokula unaitoa, kutu iliyolala unaiacha ilale. Na kile kisichokuwepo hukukileta. Nilikuambia siku moja kwamba bastola fulani imepoteza skrubu, tungeweza kuchukua ya mwenzake tukapata moja nzuri kamili. "Kama haina, haina," ulinijibu. "Ukiichanganya na ingine utakuwa na mutu mwenye hajawahi kuzaliwa." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Na ulinieleza kwa nini. Baba yako alikuwa polisi enzi za Wabelgiji, akatembea nyuma ya mzungu mwenye bastola kiunoni, yeye mwenyewe ana rungu tu. Akirudi nyumbani hakulala vizuri. "Nataka nione ndani ya ile kitu yenye ilikuwa inamuogopesha papa," ulisema, na ukafungua ubavu wa bastola ukanionyesha: springi, vyuma vitatu vinne, mavumbi. Ulikaa ukiangalia kwa muda mrefu. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokupenda kama baba yangu.

Basi kwa nini, Mzee? Kwa nini kila walipokuja wageni, wanafunzi na mwalimu wao, au yule bwana wa makumbusho, ulininyooshea mkono na kusema, "Uyu Furaha, anatuletea chai"? Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya chuma hadi kwenye viwiko! Mwalimu mmoja aliniomba sukari. Nilikuuliza baadaye, ukaniambia, "Nakukinga. Mwanamuke na bastola, bantu batasema." Nikanyamaza, kwa sababu ulisema kwa upole na kwa sababu ulikuwa mzee wangu. Lakini nakuambia leo, mahali ambapo huwezi kunikatiza: hukunikinga na kitu chochote. Utaona.

Arobaini ilipokaribia, Shabani alichachamaa. Unamjua. Aliapa kwamba kaka yake atasomewa dua ambayo Rusizi yote itaizungumzia. Akapaka ukuta, akabadilisha mapazia, akakodi viti na turubai, akawasugulisha wasichana masufuria hadi wakatoka malengelenge. Ndivyo tulivyo hapa: mgeni akija kwa jambo la marehemu, asikute kitu chochote cha aibu. Sasa akafungua kabati la vioo na akaona nini? Bastola za kahawia, zina madoa, moja haina skrubu, moja ina mpini wa mbao uliochongwa kombo. Akaona aibu. Kwa niaba yako akaona aibu!

Akazitia kwenye mfuko wa mchele. Akapanda nao pikipiki. Bastola tano, Mzee, kwenye mfuko wa mchele, juu ya pikipiki, katikati ya Kamembe, kibali kina jina la mtu aliyezikwa, na yeye anapiga honi na kusalimia watu. Akampelekea mchomeleaji wa mageti kwenye barabara ya kushuka mpakani, Rusizi II. Na yule mchomeleaji, badala ya kukimbia, akawasha mashine.

Mimi nilifika siku ya dua na sahani zangu za kusaidia. Bastola zilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, pembeni ya picha yako. Ziling'aa mpaka zinaumiza macho. Nikaichukua ya kwanza na kupitisha kidole gumba pale ambapo nambari ilikuwa imechapwa. Kidole kikateleza. Nikaichukua ya pili. Kikateleza. Kote. Muhuri wa kiwanda, nambari, ule mkwaruzo ambao ulisema ni wa pete ya mtu aliyeibeba mkono wa kushoto, vyote vimekwenda kuwa vumbi kwenye sakafu ya mtu anayetengeneza mageti.

Shabani akanijia akitabasamu. "Unaona vile bimekuwa bizuri? Mzee angefurahi."

Angefurahi!

Nikauliza mpini wa mbao uko wapi, kwa sababu ile bastola ya Nkungu sasa ilikuwa na mpini wa plastiki, mweupe kama kishikio cha mwavuli. Unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Mpini wake ulivunjika zamani za zamani, na mtu fulani wa kule vijijini Nkungu, hakuna anayejua jina lake, akachonga mwingine kwa mti wa umusave, akajaribu kuiga mistari ya kizungu upande mmoja, akachoka, upande wa pili akaweka mistari ya kwao, ile inayopanda na kushuka kama kwenye vikapu. Ulikuwa ukisema hiyo ndiyo bastola pekee katika kabati ambayo mtu wetu aliijibu. Shabani akasema, "Ile mbao ilikuwa imeoza. Sudere aliwashia makala."

Yule mchomeleaji aliuwashia mkaa, Mzee. Nadhani walichoma mahindi.

Sikupiga kelele. Kulikuwa na dua, kulikuwa na Maman Zaituni nyuma ya pazia. Niligawa pilau. Lakini kati ya wageni kulikuwa na kiongozi mmoja wa serikali, wa sekta yetu, mtu mtaratibu, aliyesogea mezani na kuinama kuangalia. Akageuza bastola upande huu na ule. Akauliza nambari ziko wapi. Shabani, bado anatabasamu, akasema wamezisafisha. Yule kiongozi akarudi kukaa, akamaliza soda yake.

Asubuhi yake polisi walikuja. Hawakuja kwa fujo. Nimejitahidi kuwakasirikia na nimeshindwa, kwa sababu wao peke yao katika habari hii walifanya kinachotakiwa. Kibali kiliisha na wewe, na bastola ilipaswa kurudishwa. Na bastola isiyo na nambari hailingani na kibali chochote, haina historia, hakuna anayeweza kusema si ile iliyotumika mahali fulani kwa jambo fulani. Silaha ya namna hiyo inapelekwa kuharibiwa. Wakazichukua zote tano, na wakamwambia Shabani afike kituoni kueleza.

Kazi yako yote, Mzee. Miaka na miaka ya mafuta na pamba na subira, na ilikuwa iende kuyeyushwa pamoja na mapanga ya walevi.

Maman Zaituni akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na nguo yake nyeupe, na hakunipa hata nafasi ya pole. "Ile chai," alisema, "mimi ndjo nilikuwa naipika, na mimi ndjo nilikuwa naileta. Weye ulikuwa unafanya kazi. Nilikuwa naona. Enda useme."

Nimeshona viatu mwezi mzima tangu siku ile na bado nasikia hiyo sentensi.

Lakini kusema nini? Fikiria kidogo, wewe uliyenikinga. Kibali kina jina moja. Nikiingia kituoni na kusema nazijua bastola hizi ndani na nje, nasema kwamba kwa miaka nimeshika silaha na jina langu haliko popote. Nisiposema, zinayeyushwa, na Shabani anabaki na kesi ya kufuta nambari. Ungeandika jina langu mstari mmoja tu chini ya la kwako, ningeingia pale kichwa juu. Badala yake niliingia nimevaa gauni la kanisani ili nionekane mtu wa maana.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imekaa kwenye paji la uso. Bastola zilikuwa mezani, kila moja kwenye mfuko wake. Shabani alikuwa kwenye benchi, amekonda. Afisa akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni nani katika jambo hili. Kabla sijafungua mdomo Shabani akajibu, kwa nia njema kama kawaida yake, akitaka kuniepusha: "Uyu maman haiko mu ii mambo. Alikuwa anatuletea chai tu."

Hakusema uongo. Alisema ulichomwambia.

Hapo ndipo hasira ilipokaa mahali pake. Nilikuwa nimeigawa kwa watu wengi: Shabani, mchomeleaji, jirani. Pale kituoni ikakusanyika yote ikaja kwako. Nikamwambia afisa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mimi ni fundi. Kwamba nimezifungua na kuzifunga bastola hizo pamoja na marehemu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kwamba akinipa bisibisi ndogo nitamwonyesha.

Alinitazama. Nilijua anafikiria mambo mawili, kunipa bisibisi au kuniweka ndani. Akaagiza bisibisi, akaleta askari akasimama karibu yangu.

Nikafungua ubavu wa ya kwanza. Ulinifundisha kwamba nambari ya nje ni ya wageni, na kiwandani walichapa tena tarakimu za mwisho kwenye vyuma vya ndani, ndogo sana, ili vipande vya bastola moja visipotee kwa nyingine. Mashine ya mageti haifiki huko. Nikapangusa mafuta, na zikawa zimekaa pale, safi, jinsi tulivyoziacha. Afisa akashusha miwani, akachukua kibali chenye picha, akalinganisha. Akasoma kwa sauti. Zikalingana. Ya pili zikalingana. Ya tatu, ya nne. Shabani alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

Ya tano ni ile ya Nkungu.

Nililijua jibu kabla ya kuifungua na nikaifungua hivyo hivyo. Ndani haina tarakimu hata moja. Mafundi wa vijijini waliibadilishia matumbo yake kidogo kidogo, kila chuma kilifuliwa na mtu, hakuna kilichotoka kiwandani. Kwenye kibali ilitambulika kwa nambari ya nje na kwa picha ya mpini. Nambari wameisaga. Mpini walichomea mahindi. Nilimweleza afisa kuhusu mti wa umusave, mistari ya pande mbili, nikamchorea kwenye kiganja changu. Alisikiliza hadi mwisho. "Nakuamini, maman," alisema. "Lakini hii haina kitu cha kuitambulisha."

Nne zimeokoka. Zinabaki chini ya ulinzi mpaka makumbusho yazichukue, na wamesema nitaitwa kuzitunza. Shabani hawakumfunga, walimwonya vikali. Wakati wa kuandika maelezo yangu afisa akauliza aandike kazi gani. Nikasema mshona viatu na fundi wa bastola za zamani. Akasita kidogo, akamtazama Shabani. Shabani akasema, "Andika, afande. Iko kweli." Kisha tulipotoka akakaa kwenye ngazi akalia kama mtoto mdogo. "Sikujua," aliniambia. "Hakuna mwenye alituambia kama hazisafishwe." Nilitaka kumtukana na nikakosa pa kuanzia, kwa sababu ni kweli hakuna aliyewaambia. Ulifunga mdomo ukidhani vitu vyako vitajisemea vyenyewe. Ulifunga mdomo juu ya kila kitu, juu ya kutu, juu ya nambari, juu yangu.

Nimekukasirikia, Mzee. Sijui kama inaruhusiwa kumkasirikia marehemu. Kanisani kwetu hawasemi, na sheikh wenu sikumuuliza. Nakukumbuka kila nikishika sindano, na kila nikikukumbuka nakasirika, na hasira ikipoa nakukumbuka zaidi. Niko hivyo.

Sasa nikuage. Bastola ya Nkungu inaondoka wiki ijayo. Nimeomba ruhusa na wamekubali: nitafika kituoni, askari atakaa mbele yangu, nami nitaisafisha kabla haijapelekwa. Walicheka kidogo, mmoja akauliza maana yake ni nini kuosha kitu kinachokwenda kuyeyuka. Ile rangi ya kung'aa nitaitoa yote, hata ikichukua mchana mzima. Mpini wa plastiki nitaung'oa niuache pale mezani. Nitaitia mafuta, nitapitisha pamba kwenye kila tundu, nitaifunga kwenye kitambaa kipya. Wewe walikuosha wanaume, ndivyo sheria yenu ilivyo, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na ndizi zangu. Hii hakuna wa kunizuia.

Na wakiniuliza tena mimi ni nani, nitawaambia, na nitawaambia ni nani aliyenifundisha. Nakuahidi nitayataja majina yote mawili. Lala salama, Mzee. Siku nikija huko nitakuja na hasira yangu mkononi, unitengee kiti, tuna mengi ya kuongea.

Furaha
Kamembe